Nimechangia damu mara tano. Mbona mdogo wangu aliambiwa alete ndugu?

"Shikamoo daktari. Naishi Moshi, pande za Pasua, na kwa miaka miwili sasa nahamasisha watu wa jumuiya yetu wachangie damu. Ni kazi ya kujitolea, silipwi. Mwenyewe nimechangia mara tano, ya mwisho tarehe 20 Agosti, na kadi ninayo. Tarehe 23 Desemba mdogo wangu alijifungua, akatokwa damu nyingi mpaka alipopimwa ikawa 5. Tukaambiwa tutafute ndugu wanne waje wachangie. Nikatoa kadi yangu, muuguzi akaiangalia, akanirudishia. Mjomba naye akawa mkali, akasema damu ya mtu wa nje isiingizwe kwenye ukoo wetu. Lakini alipopimwa yeye ni kundi B na mgonjwa ni O, na bado walimtoa damu! Getini kijana mmoja akatunong'oneza kwamba kwa elfu hamsini anatuletea mtu. Mwisho mdogo wangu alipewa chupa mbili tu, akaruhusiwa damu ikiwa 7. Sasa watu niliowashawishi wananiuliza: ile damu yetu mliiuza wapi? Sina jibu. Na mimi tangu mwezi wa kumi nikipanda ngazi moyo unanidunda na kizunguzungu kinanishika. Nimechoka, nafikiria kuacha. Nishauri."

Marahaba, binti yangu. Hongera ya mtoto na pole kwa purukushani ya sikukuu. Nikusahihishe kidogo kabla ya yote: mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia kwenye kile chumba chenye friji ya damu, upande wa pili wa lile dirisha ambalo ndugu wa wagonjwa huligonga usiku. Kwa hiyo habari ya damu yako ilikokwenda nitakujibu kwa uhakika. Habari ya kizunguzungu chako nitakuambia ninachokijua, halafu nitakutuma kwa mwenye kazi yake.

Maswali uliyoandika ni mengi, ila naona lililokuuma ni kadi kurudishwa. Ulitoa mara tano, siku uliyohitaji wewe ukaambiwa anza upya. Mtu yeyote angeona amedhulumiwa. Na kosa, kwa maoni yangu, tumelianza sisi wenyewe tuliokubali kuliita lile friji benki. Benki ukiweka laki moja, ni yako. Mwaka ukipita unaikuta, labda na riba. Damu haiwekwi hivyo. Wewe ni mtu wa Moshi, mifongo unaijua, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji mashambani. Maji yaliyopita kwako Jumanne hayakusubiri mahali yakiwa na jina lako. Yamekwenda kwa jirani wa chini, na zamu yako ikifika utanyweshea maji mengine kabisa, mradi huko juu mfereji haujaziba. Kadi yako inaonyesha kwamba ulishiriki kusafisha mfereji. Si hati ya kutolea maji.

Sasa tuifuate damu yako ya tarehe 20 Agosti. Ulitoa mililita 450 hivi. Ndani ya mfuko mlikuwa na dawa ya kuzuia damu isigande, yenye sukari kidogo ya kuzilisha chembe. Pembeni ulitolewa damu kidogo kwenye vijaribio, vile vichupa vyembamba vya kupimia. Mfuko ukawekwa kando, haukuruhusiwa kwenda popote hadi majibu ya maabara yatoke: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Ukiwa safi ukapangwa kwa kundi lake kwenye friji la nyuzi 2 hadi 6. Kuanzia siku uliyolala kwenye kile kitanda, mifuko ya kawaida huiweka damu hai kwa siku 35. Ipo mifuko yenye maji ya nyongeza inayofika siku 42, basi. Piga hesabu mwenyewe: siku 35 kutoka Agosti 20 ni Septemba 24. Hata kama hakuna mgonjwa aliyeigusa, mwisho wa Septemba tungeitupa. Sidhani kama ilifika huko. Malaria ikimshika mtoto vibaya damu inashuka mpaka 4 au 3, wapo watoto wa selimundu, wapo waliogongwa na bodaboda, wapo wazazi kama mdogo wako. Friji la hospitali yenye wodi hizo huwa halikai na mfuko mzuri kwa mwezi mzima.

Hilo ndilo jibu la wanaokuuliza iliuzwa wapi: ilitumika, miezi mitatu kabla ya mdogo wako kushikwa na uchungu.

Lipo jambo jingine ambalo hospitali hazilisemi kwa sauti. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari nchini ni wanafunzi wa sekondari, wale waliofikisha miaka 18. Timu ya Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, ikienda shule moja inarudi na mifuko mingi kwa siku moja. Desemba shule zimefungwa. Na Desemba hiyohiyo Kilimanjaro nzima inarudi nyumbani: mabasi yanapishana usiku kucha kutoka Dar es Salaam, magari binafsi yanaendeshwa na watu waliochoka, migombani kunachinjwa na kunanyweka. Wanaotoa wamepungua na wanaohitaji wameongezeka, wiki ileile. Nakumbuka mkesha mmoja wa Krismasi nilifungua friji nikakuta mifuko mitatu ya O, na wodi ya wazazi ilikuwa imeshapiga simu mara mbili. Ukiutoa mmoja unabaki kujiuliza wa saa nane usiku utampa nini. Tarehe 23 Desemba mdogo wako aliingia kwenye friji la namna hiyo.

Kinyume chake ni Juni. Juni 14 ni siku ya wachangia damu duniani, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, yule Mwaustria aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901. Siku hiyo kunakuwa na mahema, fulana, ngoma, viongozi wanapigwa picha wakiwa na sindano mkononi. Damu inajaa. Ila iliyotolewa Juni 14 muda wake unaisha Julai 19. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mwaka mmoja tulitupa mifuko ya kundi AB katikati ya Julai, na Agosti tukawa tunaomba ndugu. Wewe mhamasishaji hilo likukae kichwani, nitalirudia.

Je, ni sawa kuwaambia ndugu walete watu? Jibu la kweli lina pande mbili. Tangu mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani linazisihi nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na sababu yake ni ya usalama. Ndugu aliyeitwa usiku, mama mkwe amemkazia macho, hawezi kumwambia muuguzi kwamba wiki mbili zilizopita alifanya jambo la hatari. Atajibu hapana kila swali, ili asionekane amemnyima mgonjwa. Na kipimo nacho kina dirisha: aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuonekana safi. Kwa hiyo ukweli wa mtoaji nao ni kipimo, na kwa ndugu aliyelazimishwa kipimo hicho kimevunjika. Upande wa pili ni kwamba friji likiwa tupu muuguzi hana mwingine wa kumwomba isipokuwa mliosimama mbele yake. Sitamlaumu. Ila mpaka upo: mama anayevuja damu haambiwi asubiri hadi ndugu wanne wafike. Iliyopo inatolewa kwanza, ya kujazia inafuata. Kuelekea kujifungua, kwenye mji wa mimba hupita karibu nusu lita ya damu kila dakika, wakati mwingine zaidi. Mama wa namna hiyo hana nafasi ya kungojea daladala kutoka Marangu. Ikiwa mlicheleweshewa damu iliyokuwepo kwa sababu ndugu hawajatimia, andikeni malalamiko kwa mganga mfawidhi, kwa tarehe na saa.

Kijana wa getini ni habari nyingine kabisa. Damu nchini mwetu haiuzwi, na huyo mtu wa elfu hamsini ndiye mtoaji wa hatari kuliko wote. Anahitaji fedha, kwa hiyo atadanganya, na huenda alitoa wiki iliyopita kwingine, damu yake imebaki maji. Mkimwona tena msibishane naye. Mwambieni mganga mfawidhi, na ikiwa kuna mtumishi wa ndani anayegawana naye, TAKUKURU wanapokea simu ya bure kwa namba 113. Mtu yeyote akikuomba hela ya damu ukiwa wodini, mwombe risiti. Wengi wao huishia hapo.

Twende kwa mjomba. Alitolewa damu yake ya kundi B kwa sababu haikuwa ya mdogo wako tangu mwanzo. Iliingia frijini, ikapimwa kama nyingine, ikampata mgonjwa wa B siku nyingine. Mtu wa O ana kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya B na dhidi ya A. Ukimwekea chembe za B mwili wake utazipasua ndani ya dakika chache, figo zikaziba, na anaweza kufa. Ndiyo maana hata kundi lililoandikwa kwenye kadi yako hatulisadiki, tunapima upya. Halafu tunachukua plazima ya mgonjwa, yaani yale maji ya damu, tunaichanganya na chembe za mfuko tunaotaka kumpa, tunazungusha, mimi nainua kijaribio mbele ya taa na kukigongagonga kwa kidole. Chembe zikimwagika kama vumbi jekundu, mfuko ni wake. Zikishikana vibonge kama maziwa yaliyokatika, narudisha natafuta mwingine. Kazi hiyo, pamoja na kupima kundi, ni kama saa moja. Unayeiona ni saa ndefu kuliko zote ni wewe uliye nje. Nasi ndani hatujakaa tunakunywa chai.

Na hiyo damu ya ukoo, mweleze mjomba kwa upole maana analolisema linasemwa na wengi: damu ya ndugu wa karibu si bora, na kwa namna moja ina hatari yake. Ndani ya mfuko kuna chembe nyeupe za mtoaji. Kwa kawaida mwili wa mgonjwa unaziona ni wageni, unazimaliza. Zikitoka kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu moja, mwili unaweza kuzidhania ni za kwake, ukaziacha. Zenyewe zinamwona mwenyeji ndiye mgeni, zinaanza kula ngozi, ini na uboho wake. Ni nadra sana, lakini wanaopona ni wachache. Huzuiwa kwa kuipiga damu mionzi, na mashine ya kazi hiyo haipo kila hospitali. Mume kumpa mke anayetarajia kuzaa tena nako si kuzuri, kwa sababu mke anaweza kutengeneza kingamwili zitakazomsumbua mtoto ajaye. Mgeni msiyemjua wa Njoro au Kiboriloni ni salama zaidi kwa mdogo wako kuliko mjomba, hata kama kundi lingefanana.

Kuhusu chupa mbili tu: kwa mtu mzima chupa moja hupandisha damu kama 1 hivi. Alikuwa 5, akapewa mbili, akafika 7. Hakupunjwa. Damu ya mtu mwingine huongezwa kumtoa mgonjwa kwenye hatari, si kumfikisha 12, kwa kuwa kila chupa ina madhara yake yanayowezekana. Iliyobaki aipandishe kwa vidonge vya madini ya chuma, na asiviache akijisikia nafuu. Damu ikishafika kiwango bado huendelea miezi mitatu hivi kujaza ghala la mwili. Choo kitakuwa cheusi, asiogope.

Najua mama yenu ameshampikia mtori, na pengine kisusio, ule mchuzi wenye damu ya mbuzi. Kuna wataalamu wenzangu wanaokicheka kisusio. Mimi sikicheki. Damu ya mbuzi ina madini ya chuma ya aina inayofyonzwa vizuri kuliko ya mboga. Mradi kimechemka sawasawa, anywe. Kosa ni kudhani kinaziba pengo la damu iliyomwagika kitandani. Hicho ni chakula cha wiki nyingi. Juisi ya rozela, ambayo siku hizi kila kona inauzwa kwa jina la kuongeza damu, sifa yake kubwa ni rangi.

Kuna dalili ambazo mdogo wako akiziona msisubiri asubuhi: pedi moja kulowa ndani ya saa moja, mabonge makubwa ya damu, homa, harufu mbaya, kuishiwa pumzi akiwa amekaa, kuzimia. Na kwa kuwa aliongezewa damu, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa au macho yakawa ya njano katika wiki mbili za mwanzo, arudi palepale alipoongezewa, na aseme kabla hajaulizwa kwamba alipewa damu.

Sasa wewe. Hapa nakuomba usome polepole. Kila mfuko uliotoa uliondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa, ila madini ya chuma hurudi taratibu mno. Ndiyo sababu mwanaume anaruhusiwa kila miezi mitatu na mwanamke kila minne. Na hiyo minne ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa, hailingani na mwili wa kila mwanamke. Mwenye hedhi nzito, au aliyezaa watoto wanaofuatana, anaweza kuwa analimaliza ghala bila kujua. Kile kipimo cha kabla ya kutoa, tone la damu linalodondoshwa kwenye maji ya bluu na muuguzi akaangalia kama linazama, kinaonyesha tu kwamba damu inayozunguka siku hiyo inafika 12.5. Tone linaweza kuzama vizuri kabisa na ghala likawa limebaki vumbi. Nimewaona wachangiaji wazuri, wanawake wa miaka ishirini na kitu, wanafaulu mara nne mfululizo, mara ya tano tone linaelea, nao wanashangaa.

Moyo kudunda kwenye ngazi na kizunguzungu tangu Oktoba inaweza kuwa hilo. Inaweza pia kuwa ujauzito, minyoo, vidonda vya tumbo vinavyovuja kidogokidogo, au shida ya moyo yenyewe, na mimi siwezi kuvitofautisha kwa barua. Nenda kituo cha afya wiki hii. Omba picha kamili ya damu, na kama wana kipimo cha feritini, omba nacho, kwa kuwa ndicho kinachoangalia ghala. Waambie umechangia mara tano, waambie hedhi yako ilivyo. Ukipata choo cheusi bila kuwa umemeza vidonge vya chuma, maumivu ya kifua au kuzimia, basi usingoje wiki, ni siku hiyohiyo. Usinunue vidonge vya damu dukani ukaanza kujitibu kabla ya kupima, utaficha chanzo. Unachoweza kubadili leo ni chai: usinywe pamoja na maharage na mchicha, maana inazuia madini yasifyonzwe. Kula kwanza, kamulia limau, chai ije baada ya saa moja na zaidi.

Na usichangie kwa angalau miezi sita, hata wakikupigia simu.

Hapo ndipo nafika kwenye kuacha. Mkono wako uache, hilo naliagiza. Kazi ya kuhamasisha ni uamuzi wako, na ukiiacha hutakuwa umemkosea mtu. Ila ukibaki, kuna mambo ningeyabadili. Naamini uliwaambia watu kwamba ukichangia leo, kesho familia yako haitahangaika. Hata mimi niliwahi kuisema kwenye kipaza sauti pale stendi. Ni ahadi ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuitimiza, na ndiyo inayowarudia sasa. Jingine ni lile la "njooni mpimwe bure." Linavuta watu, ndiyo, ila linavuta hasa wenye wasiwasi na afya zao, ambao ndio hatuwataki kwenye kile kitanda. Mwenye wasiwasi apelekwe akapime VVU kituoni, ni bure na ana siri yake.

Kisha kalenda. Tuseme jumuiya yenu ina watu arobaini walio tayari. Usiwapeleke wote Juni 14. Wagawe makundi manne, kila kundi lipate miezi yake, na kundi lenye moyo zaidi lipewe Desemba, wiki ya pili. Damu ya Desemba 10 inafika Januari 14, yaani inavuka Krismasi na mwaka mpya. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kiko hapahapa Moshi. Piga simu kabla, uliza wamepungukiwa kundi gani. Watu wako wa O hasi, ambao damu yao hupewa hata mgonjwa wa kundi jingine wakati wa dharura, wakiwepo, wasitoe kwa mkumbo, wakae kwenye simu, siku ya dharura waitwe. Weka daftari: jina, namba, tarehe ya mwisho, tarehe ijayo. Majibu ya vipimo usiyaandike, usiyaulize, hata mtu akitaka kukuambia. Na jina la mgonjwa lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, wala la mdogo wako.

Ukikutana nao Jumapili waambie kama ilivyokuwa: damu yetu ya Agosti ilishatumika, na Desemba sisi wote tulikuwa kwenye kuchinja. Walete na mjomba asikie. Ametoa mara moja, kundi B, na kuanzia mwisho wa Machi anaruhusiwa tena. Msalimie sana mzazi, na mtoto mumfunike, Moshi asubuhi kuna baridi.